Pumzi za Wapigambizi Tisa

Kampuni moja ya maji mjini Kitale ilikuwa na wapigambizi tisa kwenye orodha na mpigambizi mmoja mtoni. Huyo mmoja aliitwa Bramwel Wakonyo, mzaliwa wa Kamukuywa, mkazi wa Kibomet, mtu wa miaka arobaini na tisa, mzee wa kanisa na baba wa watoto wanne. Kazi yake ilikuwa kushuka chini ya maji mahali bomba kuu linapoanzia, kina cha watu wawili, na kukata kwa panga uchafu ulionasa kwenye wavu wa chuma unaolinda mdomo wa bomba. Mabua ya mahindi, matawi, magunia, na mwaka mmoja mbuzi mzima mwenye kamba shingoni. Maji ya kule ni ya rangi ya chai, kwa hiyo Bramwel hakutumia macho. Alitumia vidole, chupa ya hewa mgongoni, na sala fupi.

Wale wanane wengine waliingia kwenye orodha kama magugu yaingiavyo shambani, mmoja mmoja, hadi mwenye shamba akayazoea. Cheo cha mpigambizi kilikuwa na posho ya hatari, mabuti na jaketi lenye maandishi mgongoni. Bethwel, mtunza stoo, aliandikishwa kwa sababu chupa za hewa zililala stoo. Kemboi, dereva, aliandikishwa kwa sababu ndiye aliyempeleka Bramwel mtoni, na mtu anayeyaona maji kila wiki, walisema, huyo ni wa maji. Ian aliandikishwa kwa sababu mjomba wake alikuwa kwenye bodi, na yeye angalau hakutafutiwa sababu nyingine. Ian ndiye aliyevaa vazi la mpira kwenye maonyesho ya kilimo pale Kitale, akasimama kwenye banda la kampuni akipigwa picha na wanafunzi. Saa saba mchana akazirai kwa joto. Tangu siku hiyo alikuwa akisema kwamba kazi ya mbizi ina hatari zake.

Bramwel hakulalamika. Kwanza, alikuwa mpole kwa maumbile. Pili, mtu mwenye jambo la kuficha hupenda wenzake nao wawe na la kuficha, maana katika giza la pamoja hakuna anayewasha taa.

Jambo la Bramwel lilikuwa kifuani. Kwa miaka kumi na sita, kila alipotoka kazini na siku za soko, alikuwa akienda mji mdogo wa Kwanza kuendesha kinu chake cha kusaga posho, na vumbi la unga alilivuta kama wengine wavutavyo harufu ya chakula. Miaka mitatu iliyopita kifua kilianza kupiga filimbi. Akipumua polepole, kimya. Akipumua kwa nguvu, kinalia kama birika linalokaribia kuchemka. Katika bendi ya kanisa kule Kamukuywa yeye ndiye alikuwa mpiga tarumbeta wa kwanza, na siku moja katikati ya wimbo wa kuingilia, filimbi ikasikika ambayo haikuwa ya chombo chochote. Jumapili iliyofuata Bramwel alisimama mbele ya ibada, akasema kwamba vijana nao wapewe nafasi, na kwamba yeye atashuka apige ngoma. Watu walipiga makofi. Mchungaji alimtaja katika mahubiri kama mfano wa unyenyekevu. Bramwel aliinamisha kichwa, na kuinamisha huko nako kukasifiwa.

Basi mwezi wa pili barua ikafika kutoka serikalini. Kila mpigambizi wa kazi apimwe mapafu na siha ya mwili kila mwaka, na asiye na cheti asiingie majini wala asibaki kwenye orodha. Meneja Nehemiah aliisoma mara tatu, kisha akaiitia mkutano stoo, kati ya mabomba.

"Tutapimwa Bungoma," alisema. "Kuna mashine. Unapuliza, inakuandika."

"Inaandika nini?" Kemboi aliuliza.

"Vile uko ndani."

Wanane wale walikuwa wameishi miaka mingi wakiamini kwamba vile mtu yuko ndani ni siri kati yake na Mungu.

"Si Mzee Bramwel atufundishe," Ian alisema. "Yeye ndiye fundi wa pumzi, bana. Anakaa chini ya maji mpaka mtu anasahau kama alienda."

Bramwel angeweza kusema kwamba mapafu hayafundishwi, hupimwa tu. Lakini alikuwa akiifikiria mashine ile tangu asubuhi, na tayari alikuwa na hila yake. Kama atapuliza kwa nguvu, filimbi italia mbele ya watu. Kama kila mtu atapuliza polepole, polepole itaonekana ndiyo desturi ya wapigambizi.

"Pumzi ni kama ghala ya mahindi," aliwaambia. "Mjinga anafungua mlango gunia zote zinamwagika. Mwenye akili anatoa debe moja moja. Mashine inatafuta mwenye akili."

Wakafanya mazoezi wiki mbili. Bethwel alileta ndoo ya maji na kipande cha mpira wa kumwagilia. Unavuta hewa, unaweka mpira mdomoni, unatoa mapovu ndani ya ndoo, na mapovu yako yakidumu zaidi ya mwenzako umeshinda. Meneja Nehemiah alisimama na saa mkononi. Kazi nyingine za kampuni zilisimama pia, na mwananchi aliyekuja kulalamika kuhusu mita yake aliambiwa asubiri, wataalamu wako kwenye mafunzo. Kufikia mwisho wa wiki ya pili Bethwel alikuwa akifika sekunde thelathini na nne, macho yamemtoka, na Kemboi alisema kwamba sasa hata usingizini anapumua kwa mpango.

"Tena midomo ikaze," Bramwel aliwasahihisha, kwa sauti ya mwalimu. "Usikimbie. Anayekimbia ana wasiwasi."

Alisema hivyo akiwa na wasiwasi kuliko wote.

Siku ya kupimwa walisafiri na gari la kampuni, wote tisa na meneja, wamevaa majaketi. Walipopita Kamukuywa, Bramwel alitazama upande wa pili ili asilione paa la kanisa.

Kliniki ya Bungoma ilikuwa ya vyumba vitatu, na mpimaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, Daktari Viola, ambaye hakuvutiwa na majaketi. Aliwapa kwanza fomu ya maswali. Umewahi kuugua kifua kikuu? Unavuta sigara? Swali la saba liliuliza: umewahi kusikia kifua chako kikipiga filimbi? Ian alikuwa amekwisha weka alama ya Hapana kwenye maswali yote kabla ya kufungua ukurasa wa pili, likiwemo swali lililouliza kama amesoma maswali yote. Bramwel alisoma swali la saba polepole. Kalamu yake ikasimama juu yake kwa muda. Kisha ikashuka kwenye Hapana, na alama aliyoweka ilikuwa ndogo kuliko zote, kama kwamba uongo mdogo wa kalamu ni mdogo kweli.

Akaanza Bethwel. Alifunga pua kwa kibanio, akaweka mrija mdomoni, akatoa pumzi kwa ustadi wote wa ndoo. Daktari Viola alitazama kioo cha mashine, akakunja uso.

"Tena. Kwa nguvu."

Bethwel alipuliza tena, taratibu zaidi, akidhani anajaribiwa.

Akafuata Kemboi, akafuata Ian, wakafuata wengine. Bramwel akapuliza wa mwisho, laini kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Kifua kilinyamaza. Akarudi kwenye benchi akimshukuru Mungu kwa jambo ambalo Mungu hakuhusika nalo.

Daktari Viola alitandaza karatasi tisa mezani na kumwita meneja.

"Mtu mzima akipuliza inavyotakiwa, mstari unapanda kama ukuta, halafu unateremka pole. Angalia hii. Na hii. Zote zimelala kama shamba la viazi. Kwa karatasi hizi, watu wako wote tisa wamezibika mapafu, kwa kiwango kimoja, siku moja. Mimi nimefanya kazi hii miaka kumi na miwili. Sijaona ugonjwa unaoajiriwa na kampuni moja."

"Labda ni baridi ya Kitale, Daktari," alisema Nehemiah.

"Labda ni mwalimu. Nani aliwafundisha kupuliza?"

Vichwa vinane viligeuka upande mmoja, na uaminifu huo wa shingo ulimshinda Bramwel.

"Mimi nilisema tusiharibu pumzi," alijibu.

"Hapa tunaiharibu, mzee. Ndiyo kipimo. Nataka kujua sekunde ya kwanza inatoa kiasi gani. Njia ikiwa wazi, hewa inatoka kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Njia ikiwa nyembamba, wanatoka mmoja mmoja. Ninyi mmesimama mlangoni mkiwahesabu."

Akawarudisha wote. Safari hii alisimama karibu na kila mmoja, akawaamrisha kama mkufunzi wa askari: toa, toa, toa, endelea, endelea. Kila mtu mara tatu, na mara tatu zile zifanane. Na ikawa ajabu. Wanane wale walikuwa na mapafu ya kupendeza. Bethwel alikuwa na kifua cha fahali. Ian, aliyezirai kwa kusimama, alipuliza hata kibanio kikamtoka puani. Na kwa nini wasiwe nayo? Mapafu yao hayakuwahi kutumwa popote. Yalikuwa kama vyombo vya kabatini vinavyosubiri wageni.

Zamu ya Bramwel ilifika. Alipuliza mara ya kwanza nusu nusu.

"Tena, mzee. Yote."

Akapuliza yote. Filimbi ikalia. Ilianza nyembamba, ikapanda, ikajaza chumba kizima, na aliponyamaza yeye, yenyewe iliendelea kidogo, kisha akakohoa mpaka machozi. Wenzake walitazama sakafu. Daktari Viola alivuta fomu ya Bramwel, akaweka kidole kwenye swali la saba.

"Hili swali niliandika vibaya?"

"Umeandika vizuri, Daktari."

Alimpa dawa ya kuvuta, akamwambia asubiri robo saa, akampima tena. Mstari ulipanda kidogo tu. Akamwuliza kuhusu sigara, akasema hapana, na hiyo ilikuwa kweli. Akamwuliza filimbi ina muda gani, akasema miaka mitatu. Akamwuliza kuhusu vumbi, na ndipo kinu cha kule Kwanza kilipotajwa kwa mara ya kwanza.

"Sikiliza," Daktari Viola alisema, na sauti yake haikuwa kali tena. "Chini ya maji unavuta hewa iliyobanwa. Ukipanda juu, inapanuka. Kwa mtu mwenye njia wazi inatoka. Kwako kuna mahali inanasa. Ikinasa huku inapanuka, pafu linapasuka, na si lazima uwe baharini. Hata kina cha mtu mmoja kinatosha. Hujafa kwa sababu hujafa, si kwa sababu uko salama."

"Nimefanya kazi hii miaka kumi na saba."

"Na mitatu ya mwisho umeifanya kwa bahati. Utaenda kupigwa picha ya kifua, utaanza dawa, utaachana na vumbi. Cheti sikupi."

Walirudi Kitale na vyeti vinane. Nyuma ya kila cheti palikuwa na mistari miwili iliyosema kwamba hayo ni mapafu tu. Kuogelea, nguvu za mwili na ujuzi wa mbizi mwajiri ayapime mwenyewe. Upande huo ndio Nehemiah aliougeuzia ukutani alipovitia kwenye fremu. Kwenye ubao wa matangazo akabandika: WANANCHI WANAJULISHWA KWAMBA WAPIGAMBIZI WOTE WANANE WA KAMPUNI WANA AFYA NJEMA.

Nyumbani Kibomet, Bramwel alimweleza mkewe, akianza mbali, kupitia habari za mashine na barua.

"Baba Nasimiyu," mkewe alimkatiza, "mimi nalala kando yako kila siku. Ulidhani nadhani ni panya?"

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Ukasema ni mto wa kulalia."

Mvua za masika zilikuja kwa hasira, zikazoa mabua yote ya mashamba ya Trans-Nzoia na kuyaleta kwenye wavu. Zilipopumzika kwa siku nne, maji yalikuwa yakitoka mabombani mjini kama machozi ya mnafiki. Hospitali ilipiga simu. Shule ya bweni ilipiga simu. Nehemiah akakusanya orodha yake yote ukingoni mwa mto, na akamwita Bramwel naye, ati aje ashauri.

Ian alivaa vazi la mpira. Aliingia mpaka magotini, akasimama.

"Endelea," Nehemiah alisema.

"Iko baridi, bosi."

"Una mapafu ya kwanza kwa ubora katika kampuni nzima."

"Mapafu ni sawa. Ni miguu ndiyo haijui."

Wengine saba walianza kuangalia mawingu kwa utaalamu mkubwa. Ndipo Nehemiah alipomshika Bramwel mkono, akampeleka nyuma ya gari.

"Mzee, wewe ingia. Dakika ishirini, kama siku zote. Nitaandika ni Ian ameingia. Cheti kipo, kazi imefanyika, wewe unabaki kwa orodha kimyakimya. Nani atajua?"

Maneno hayo yalimwingia Bramwel kama asali. Siyo kwa sababu ya posho tu. Kwa miaka kumi na saba, kila mtu wa Kitale aliyejaza sufuria alikuwa amemshukuru Mungu na kampuni, na yeye peke yake alijua nani alishuka. Bila mto, alikuwa nani? Mpiga ngoma mwenye kinu. Akalivaa vazi. Akafunga mkanda wa vyuma vya uzito kiunoni. Kemboi akambebesha chupa, kwa haraka ya mtu anayekabidhi zamu. Bramwel akaweka kidaka hewa, ule mpira wa kupumulia, mdomoni, akavuta pumzi ya kwanza, akaitoa.

Filimbi ililia ndani ya mpira, karibu kabisa na sikio lake. Alivuta tena, polepole, kwa ujuzi wake wote wa debe moja moja. Ikanyamaza. Na huko kunyamaza ndiko kulikomtisha, kwa sababu alikutambua: hivi ndivyo alivyonyamaza kanisani, na hivi ndivyo kalamu ilivyonyamaza kwenye swali la saba. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Bramwel aliona wazi kilio hicho kitakavyokuwa. Atazikwa Kamukuywa kwa bendi kamili, na katika vitabu vya kampuni aliyekufa atakuwa Ian, tena mwenye afya njema.

Alitoa mpira mdomoni. Akafungua mkanda, ukaanguka kwenye matope.

"Mimi ni mgonjwa," alisema, si kwa Nehemiah tu, bali kwa wote, kwa sauti ya kutoa ushuhuda. "Miaka mitatu. Tarumbeta sikuwaachia vijana, nilishindwa. Kwa fomu nilidanganya. Na ile ya ndoo niliwafundisha ili nijifiche katikati yenu. Siingii."

"Sasa mji unywe nini, ushuhuda?" Nehemiah aliuliza.

"Fungua lango."

Wale wanane hawakuelewa. Bramwel alinyosha mkono. Pembeni mwa ukuta uliozuia mto na kufanya bwawa mbele ya bomba, chini ya mimea itambaayo, palikuwa na gurudumu la chuma lililoota kutu. Waliojenga mahali pale waliweka lango la kuteremsha maji ili wavu ubaki nje, usafishwe na mtu aliyesimama kwa miguu yake, akivuta hewa ya Mungu. Lilikuwa pale miaka yote. Meneja aliyekuwapo kabla ya Nehemiah alilijua, na Nehemiah alilijua. Ila kulifungua kulihitaji kuufungia mji maji siku mbili, na kuufungia mji maji kulihitaji mtu wa kuweka sahihi. Kifua cha Bramwel hakikuhitaji sahihi ya mtu.

"Nikiweka sahihi, watu wakipiga kelele ni mimi," alisema Nehemiah.

"Ndiyo," Bramwel alijibu. "Ni wewe."

Kisha simu ya Nehemiah ikalia, ikawa ni ile shule ya bweni tena, na Nehemiah akaomba kalamu.

Gurudumu lilimwagiwa oili chafu ya gari, likapigwa nyundo, likasukumwa na wanaume wanane wenye vyeti. Waliguna, walitukana, walitoa jasho. Saa mbili baadaye likakubali kwa mlio mbaya, na maji yakaanza kuteremka. Kesho yake wavu ulikuwa nje, mweusi, umevaa mabua kama mganga. Wanane wakaingia kwenye matope hadi mapajani, na reki, na mapanga, na koleo. Hapo ndipo mapafu yale mazuri yalipopata ajira kwa mara ya kwanza, na yakaonekana yanafaa kabisa.

Bramwel alisimama ukingoni, amejifunga leso puani na dawa ya kuvuta mfukoni, akiwaelekeza. Wavu ule aliujua kwa vidole, hakuwahi kuuona kwa macho. Ulikuwa mdogo kuliko alivyofikiri.

"Mzee," Ian aliita kutoka chini, akihema, uso umejaa matope. "Wewe ulikuwa unafanya hii peke yako? Kwa giza?"

"Ee."

"Na sisi tulikuwa wapi?"

"Kwa orodha."

Kemboi alicheka, Bethwel akacheka, hata Bramwel akacheka, na kicheko chake kikapiga filimbi ndefu iliyosikika hadi kwenye gari. Hakukizuia. Alikohoa, akatema, akafuta midomo.

"Wewe hapo kushoto," alisema, "kata chini zaidi. Kuna gunia."